Lala Chini, Umngoje Ndege: Kupiga Picha za Ndege wa Ufukweni na Kuzihariri

Kwa miaka miwili ya mwanzo nilipiga picha za ndege wa ufukweni nikiwa nimesimama wima, na leo sina hata picha kumi za kipindi kile ambazo ningependa mtu azitazame. Ndege alikuwa wazi, rangi zilikuwa sahihi, na manyoya yangeweza kuhesabika. Kasoro ilikuwa kwamba kila ndege alionekana kama kitu kilichodondoka mchangani na kutazamwa kutoka juu: mgongo ulitawala picha, jicho lilifichwa nusu na kichwa chenyewe, na nyuma yake palijaa mchanga, mwani na vipande vya makombe vilivyoonekana kwa ukali uleule alioonekana nao yeye. Nilidhani dawa ni lenzi ndefu zaidi. Nilipoipata, nikaendelea kupiga picha zilezile, tofauti ikiwa tu kwamba ndege alijaza fremu zaidi.

Asubuhi moja, maji yakiwa yanajaa, nilijilaza kifudifudi kwenye mchanga uliolowa, kamera ikiwa juu ya ardhi kwa kiasi cha shubiri moja, nikaacha kujongea. Kundi la vitwitwi wadogo weupe, wale wanaokimbizana na mawimbi na ambao wanasayansi huwaita Calidris alba, lilikuwa mbali, likidonoa ukingoni mwa povu. Kila wimbi lililopanda liliwasogeza upande wangu, na kila liliporudi walilifuata hatua chache kisha wakarejea. Baada ya robo saa mmoja wao alikuwa karibu kiasi kwamba lenzi haikuweza tena kumlenga. Nilimwona kwa macho yangu tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo wake mweusi, nikaona nyayo alizoacha zikiwa na vidole vitatu tu, kwa sababu ndege huyu, tofauti na jamaa zake wengi, hana kidole cha nyuma. Tangu siku hiyo sijawahi kumfuata ndege wa ufukweni. Ninaenda mahali atakapopita, ninalala, ninamngoja. Karibu yote nitakayoyaeleza hapa, hata yale ya uhariri, yanatokana na jambo hilo moja.

Sababu ya kulala chini si kumwonea ndege haya wala kutafuta mtindo. Unapopiga ukiwa umesimama, lenzi inaelekea chini, na kilicho nyuma ya ndege ni mchanga ulio hatua moja au mbili kutoka kwake. Hakuna lenzi inayoweza kuuyeyusha mchanga ulio karibu hivyo. Unapolala, lenzi inaelekea mbele sambamba na ardhi, na kilicho nyuma ya ndege ni maji au ufuko ulio mita hamsini au mia nyuma, ambao huyeyuka na kuwa rangi laini bila wewe kufungua tundu la lenzi kupita kiasi. Mchanga ulio mbele ya ndege nao huyeyuka vilevile, kwa hiyo ndege hubaki peke yake kwenye ukanda mwembamba ulio wazi. Zaidi ya hayo unakutana naye jicho kwa jicho, na mtazamaji wa picha husimama mahali ambapo ndege mwenzake angesimama. Na kuna faida ambayo wengi hawaitarajii: ndege hawa humwogopa mtu aliyesimama zaidi sana kuliko umbo lililolala lisilojongea.

Mwili hauzoei mara moja. Shingo huuma, viwiko huchubuka, na maji ya wimbi lisilotarajiwa huingia kifuani. Mimi hutandika kipande cha turubai, huvaa mikono mirefu, na kamera huiweka juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharage makavu, nao mfuko huuweka kwenye sinia kuukuu lenye kingo zilizoinuka. Sinia huzuia mchanga kuipanda lenzi, na pia huteleza: nikitaka kusogea nusu mita, ninalisukuma mbele polepole na kujivuta nyuma yake kwa viwiko. Kama kamera yako ina skrini inayokunjuka, unaweza kutazama kutoka juu na kuinusuru shingo, ingawa kwenye jua kali skrini husomeka kwa shida.

Baada ya mkao, jambo la pili ni maji, na hapa ndipo ninapowaona wapiga picha wengi wakipoteza asubuhi nzima. Maji yanapokupwa, ndege hutawanyika kwenye matope na mchanga uliofunuka, pengine kilomita nzima kutoka ulipo, na hawana sababu yoyote ya kukukaribia. Maji yanapojaa, eneo lao la kula hupungua kila dakika, nao husukumwa kuelekea juu ya ufuko. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa ndizo ninazozitafuta. Baada ya hapo ndege wengi huacha kula na kukusanyika mahali pakavu kupumzika, wengine wakisimama kwa mguu mmoja na mdomo ukiwa umefichwa mgongoni, na wakati huo huwaacha kabisa, kwa sababu nitakazozitaja baadaye.

Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hufika juu sana na kufunika hata matope ya mbali, kwa hiyo ndege hulazimika kuja juu ya ufuko. Wakati wa maji mafu, yaani kinyume cha bamvua, sehemu kubwa inaweza kubaki wazi hata maji yakiwa yamejaa, na ndege wakabaki hukohuko mbali. Lipo jambo moja zaidi ambalo lilinichukua muda kuligundua: mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa zilezile kila mara. Ufuko ambao bamvua yake hujaa saa 4 asubuhi utakupa, kila baada ya wiki mbili, maji yanayopanda pamoja na jua changa, na huo ndio mchanganyiko bora niujuao. Ufuko ambao bamvua yake hujaa alfajiri hautakupa hilo kamwe, nao ni afadhali uujaribu jioni. Kwa hiyo kabla sijatazama hali ya hewa, ninatazama jedwali la maji.

Ukishajua saa, chagua mahali. Ninafika mapema, ninawatazama kwa mbali kwa dakika kumi bila kuinua kamera, nione wanaelekea wapi. Ndege wanaokula ukingoni mwa maji kwa kawaida hutembea kuufuata ukingo huo upande mmoja kwa muda mrefu kabla ya kugeuka. Ninawazunguka kwa mbali, nikipita juu kabisa ya ufuko, kisha ninashuka na kulala mbele ya njia yao, jua likiwa mgongoni kwangu au pembeni kidogo. Iwapo watageuka na kwenda kwingine, ninawaacha waende. Kuinuka na kuwafuata huwapeperusha, na ndege aliyepeperushwa mara mbili hatakuamini tena asubuhi ile.

Inafaa pia kumjua ndege kwa namna anavyokula, kwa sababu kila mtindo wa kula una sekunde yake ya kupigwa picha. Wale wenye macho makubwa na mdomo mfupi, ambao huwinda kwa kuona, hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, kisha hukimbia tena. Usibonyeze wakati anakimbia. Mlenge, ungoje asimame, maana kwa nusu sekunde hivi huwa ametulia kama jiwe, kichwa kikiwa juu. Wale wenye midomo mirefu hutafuta kwa kugusa, wakiichomeka matopeni tena na tena kama cherehani, kwa kuwa ncha ya mdomo ina vihisio vinavyotambua minyoo na makombe yaliyofukiwa. Kwa hao kichwa huwa chini karibu muda wote, na picha nzuri ni ile ya wakati mdomo unapotoka ukiwa na windo. Niliwahi kupata picha ya ndege wa aina hiyo akinyoosha mdomo wake, ncha ya sehemu ya juu ikiwa imepinda kuelekea juu huku sehemu nyingine ya mdomo ikiwa imefumba, nikadhani ni mgonjwa. Baadaye nilijifunza kwamba huo ni uwezo wao wa kawaida: wanaweza kufungua ncha peke yake, hata mdomo ukiwa umezama ndani ya tope, wakalikamata windo humohumo.

Kuhusu mipangilio ya kamera nitasema machache, kwa kuwa si suala gumu kama linavyofanywa. Kwa ndege anayetembea, kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde inatosha. Kwa anayekimbia au anayejitikisa baada ya kuoga ninaipandisha hadi 1/2000, na kwa anayeruka 1/2500 au zaidi. Tundu la lenzi huliacha kati ya f/5.6 na f/8. Lenzi ya milimita 400 inatosha kwa mtu anayekubali kulala na kungoja, na ya 600 ni raha, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kulala. Kamera ikiwa na uwezo wa kulitambua jicho la ndege, uwashe. Ikiwa haina, tumia kisanduku kimoja kidogo cha kulengea na ukiweke kichwani. Picha ya ndege ambaye jicho lake halikulengwa huwa imepotea, na hakuna programu itakayoirudisha.

Kipimo cha mwanga ndicho kinachostahili muda wako. Ufuko humdanganya mpimaji aliye ndani ya kamera kila baada ya sekunde chache: ndege mmoja akiwa mbele ya wimbi jeusi, kamera hudhani pana giza na kuongeza mwanga, na tumbo lake jeupe huungua likawa doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja, sekunde inayofuata akiwa mbele ya povu, kamera hupunguza mwanga na ndege huwa wa kijivu. Wakati huo wote jua lililomwangukia ndege halijabadilika hata kidogo. Ndiyo sababu, mwanga ukiwa haubadilikibadiliki, ninaweka kila kitu kwa mkono. Jua likiwa limeshapanda na halina wingu, ninaanza na ISO 400 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoitikia mwanga), f/8 na 1/1600. Kwa ndege mweupe ninaongeza kasi hadi 1/2500 au zaidi ili weupe wake usiungue. Kisha ninapiga picha moja ya majaribio, ninatazama grafu ya mwanga pamoja na ile alama inayomemeteka mahali palipoungua, ninarekebisha, na baada ya hapo siigusi tena mpaka mwanga ubadilike. Nilipoteza asubuhi nzima ya picha za kundi kubwa kwa kutolifanya hilo, na bado ninazo picha zile: mkao mzuri, mawimbi mazuri, na matumbo yaliyo meupe kama karatasi.

Mwanga wenyewe uwe wa chini. Jua likipanda sana kivuli hujaa chini ya tumbo na kwenye jicho, na zaidi ya hapo mchanga hupata joto na kuanza kutoa mvuke wa joto unaotikisa hewa, ambao unapotazama kupitia lenzi ndefu hufanya kila kitu kiwe kama kinaonekana kupitia maji. Watu wengi huilaumu lenzi yao kwa ukungu huo. Hauponyeki kwa uhariri. Dawa yake ni kumkaribia ndege au kurudi nyumbani. Siku ya mawingu mepesi ni njema zaidi kuliko watu wanavyofikiri, hasa kwa ndege weupe, na mchanga uliolowa huirudisha nuru chini ya tumbo ukakupa rangi ambazo jua kali lingezifuta.

Chumvi na mchanga vitaiharibu kamera mapema kuliko kitu kingine chochote. Usibadilishe lenzi ufukweni. Usipanguse lenzi kwa kitambaa kikavu ikiwa ina chembe ya mchanga, kwa maana utaikwaruza. Ipulize kwanza kwa kipulizio cha mkono. Punje moja iliwahi kuingia kwenye pete ya kulengea ya lenzi yangu, na tangu hapo kila nilipoizungusha nilisikia mkwaruzo wake. Sasa kila nirudipo ninapangusa mwili wa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, kabla sijafanya jambo lingine, hata kabla ya kuzitazama picha.

Kuna sharti moja ambalo ninaliweka juu ya picha yoyote. Ndege wengi wa ufukweni ni wasafiri, na muda wanaokula mbele yako ni muda wa kujaza mafuta ya safari. Baadhi yao huongeza uzito karibu mara mbili kabla ya kuondoka. Mwaka 2022, ndege mchanga wa jamii ya Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua popote. Ndege wa aina hiyo anayepeperushwa na mpiga picha mara nne kwa asubuhi moja anachoma mafuta aliyoyatafuta kwa taabu, na mimi sioni picha inayostahili gharama hiyo. Dalili za kwamba umekaribia mno ni rahisi kuzisoma: ndege anaacha kula, anainua kichwa, anasimama wima, au anaanza kutembea akikuacha huku akikutazama kwa jicho moja. Ukiona hivyo, tulia ulipo au rudi nyuma. Waliopumzika maji yakiwa yamejaa wasiguswe kabisa, kwa sababu hawana mahali pengine pa kwenda mpaka maji yashuke. Na ukimwona ndege mdogo akiburura bawa mchangani kana kwamba limevunjika, usimfuate kumpiga picha: anakuvuta mbali na mayai au makinda yake, ambayo yana rangi ya mchanga na yanaweza kuwa mbele ya kiatu chako. Simama, tazama chini, rudi kwa njia uliyojia.

Kuondoka pia kuna adabu yake. Picha zikishatosha, ninangoja kundi lipite au ninajivuta nyuma kwa viwiko mpaka niwe mbali, ndipo ninapoinuka. Kuinuka ghafla katikati ya ndege waliokuzoea ni kuwavunjia imani waliyokupa.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kuchagua, nayo ni ngumu kuliko kuhariri. Asubuhi njema hunipa picha mia tisa. Ninazobaki nazo huwa kumi na tano au ishirini. Ninaikuza kila picha hadi ukubwa wake kamili na kulitazama jicho peke yake. Jicho likiwa halina ukali, picha inafutwa, hata kama wimbi nyuma yake ni la ajabu. Kisha ninatazama kama kuna nuru ndogo ndani ya jicho, kama kichwa kimeelekea kwangu kidogo, na kama miguu inaonekana. Ninashauri usichague siku ileile, kwa sababu furaha ya asubuhi bado imo mwilini na hukufanya upende picha kwa ajili ya jinsi ulivyoipata, badala ya jinsi ilivyo.

Piga faili ghafi (RAW, yaani data ya kihisio kabla kamera haijaichakata), siyo JPEG peke yake. Faili ghafi ya biti 14 ina uwezo wa kubeba viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ya biti 8 ina viwango 256 tu, na tofauti hiyo utaiona mara tu utakapojaribu kuyarudisha manyoya meupe yaliyokaribia kuungua. Yaliyoungua kabisa hayarudi kwa faili yoyote.

Ninaanza na kuinyoosha picha. Ufuko una mteremko na mistari ya mawimbi hulala kimshazari, kwa hiyo huwezi kuitegemea kama rula. Ikiwa upeo wa bahari unaonekana, nyoosha kwa huo. Ikiwa hauonekani lakini ndege anajiakisi kwenye mchanga uliolowa, tumia kivuli hicho cha maji: jicho la ndege na jicho la taswira yake lazima viwe kwenye mstari mmoja wa wima. Tangu nilipoijua njia hiyo sijapata shida tena. Kisha ninapunguza kingo, nikimwachia ndege nafasi zaidi mbele ya mdomo kuliko nyuma ya mkia, na nikihakikisha kwamba taswira yake majini haikukatwa shingoni. Usipunguze kwa pupa. Picha ya megapikseli 24, yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, ukiikata nusu kwa kila upande inabaki na megapikseli 6 tu. Inatosha kwa skrini, lakini kwa chapa kubwa ya ukutani haitoshi.

Rangi inahitaji kiasi. Tumbo la ndege mweupe ufukweni haliwi jeupe tupu: upande wa jua huwa na dhahabu kidogo, upande wa kivuli huwa na samawati ya anga, na chini kabisa huwa na rangi ya mchanga uliorudisha nuru. Programu nyingi zina kitufe cha kuchagua sehemu ya kijivu ili rangi zote zisawazishwe, na ukikibofya juu ya tumbo hilo utaifuta asubuhi yote kwa mara moja. Mimi hurekebisha kwa jicho, nikitazama picha nzima, na ninasimama mapema kidogo kabla ya pale ninapoona pazuri. Kwa mwanga, ninashusha sehemu zinazong'aa mpaka mistari ya manyoya ya kifuani ionekane, ninainua vivuli vya chini ya tumbo kidogo sana, na ninaacha weusi wa mdomo na miguu ubaki mweusi. Kivuli kikiinuliwa mno, ndege huonekana kama amebandikwa juu ya picha nyingine.

Chembechembe zinazoletwa na ISO ya juu ziondolewe kwanza, ndipo ukali uongezwe, na kazi hizo mbili zifanyike mahali tofauti: chembechembe ziondolewe zaidi nyuma, kwenye maji na mchanga ulioyeyuka, na ukali uongezwe kwa ndege peke yake, hasa kichwani. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliongeza ukali juu ya picha nzima. Niliichapisha picha moja kwa ukubwa wa karatasi ya A3, nami nikaona kwamba kila mguu na mdomo wote ulizungukwa na uzi mweupe, kama uliochorwa kwa chaki. Kwenye skrini sikuwa nimeuona. Programu mpya zinazotumia akili bandia kuondoa chembechembe ni za msaada mkubwa, lakini zina hatari yake: mahali ambapo kamera haikunasa unyoya, programu inaweza kuubuni. Ninalinganisha kila mara na faili ya awali, na ninapoona mistari ambayo haikuwapo, ninapunguza nguvu yake au ninaiacha kabisa. Kwa ndege hawa mistari hiyo ndiyo inayomwezesha mjuzi kutofautisha aina na umri, kwa hiyo unyoya wa kubuni ni uongo wenye madhara.

Madoa ya vumbi lililo kwenye kihisio cha kamera huonekana wazi kwenye anga na maji laini, nami huyafuta bila wasiwasi, maana hayakuwapo ufukweni. Povu, kijiti, mwani au mguu wa ndege wa pili vilikuwapo, na mara nyingi huviacha. Pete za miguuni siziondoi kamwe. Rangi na herufi za pete hizo huwekwa na watafiti, na katika mabara ya Amerika hata nchi hutambulika kwa rangi ya kibendera cha mguuni, kijani kwa Marekani, rangi ya chungwa kwa Argentina. Picha inayosomeka vizuri mguuni inaweza kuwaeleza watafiti ndege huyo alipita wapi na lini, nayo ni haki kuipeleka kwenye taasisi inayoratibu uvishaji wa pete katika nchi uliyompigia. Kwa sababu hiyo, ninapoona pete, ninapiga picha kadhaa za miguu peke yake, hata kama mkao wa ndege si mzuri.

Mwisho wa uhariri ninatoa nakala ya kuonyesha watu, yenye rangi za sRGB, mpangilio wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi, na upana wa pikseli 2,048 hivi, na ukali wa mwisho ninauongeza kwenye nakala hiyo ikiwa tayari imepunguzwa, siyo kabla. Faili ya awali inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Katika maelezo yake ninaandika aina ya ndege kama ninaijua, tarehe, saa ambayo maji yalijaa siku hiyo, na kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Maelezo hayo mafupi yamenipa faida kubwa, kwa sababu baada ya mwaka mmoja nilizipanga picha zangu bora nikaona kwamba karibu zote zilipigwa kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, maji yakipanda kuelekea bamvua. Sasa siku hizo nimezizungushia duara kwenye kalenda miezi mitatu mbele, nami hufika ufukweni kukiwa bado giza, ili ndege wanapoanza kusukumwa na maji wanikute nimeshalala.